Sweta Imemkaa Vizuri

12 Mei 2005

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa baba watoto na kwa wajukuu zangu wote wawili. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri wangu kila nikiinuka. Baba yako hajambo, anakusalimu, na bado anagombana na redio yake.

Ndani ya kifurushi hiki kuna sweta ya Somo. Nimeifuma kwa mkono, si kwa mashine, kuanzia shingoni mpaka kwenye pindo. Miaka thelathini na moja nimekaa mbele ya mashine nikifuma sweta za shule za watoto wa watu, rangi niliyoagizwa na saizi niliyopewa. Sasa nimestaafu. Mashine nimemwachia Kidoti, yule msichana niliyemfundisha kazi, naye anaendelea vizuri isipokuwa anapiga kelele kuliko mashine yenyewe. Nilijiapiza kwamba siku nikianza kufuma ninachotaka mimi, wa kwanza kuvaa atakuwa mtoto aliyepewa jina langu. Bonge bado mdogo, yeye nimemtilia kofia.

Kifua nimefuata ile namba uliyonipa, inchi ishirini na tatu. Mvalishe Somo, mwambie anyanyue mikono juu, uangalie kama inambana kwapani. Kisha uniandikie. Nataka kujua kila kitu, na picha naitaka. Kwenye simu hatuelewani mimi na wewe. Nikikuuliza jambo unasema "salama tu, Shangazi," halafu salio linakata. Andika, una mkono mzuri, nilikutandika viboko mwenyewe mpaka ukanyooka.

Mwambie Somo kwamba Bibi anataka kumjua. Tangu azaliwe nimemwona mara moja tu, tena alikuwa amelala.

Ni mimi, Shangazi yako

* * *

30 Julai 2005

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi sote wazima, na ninaomba nawe uwe hivyo, mgongo na yote. Nisamehe kwa kuchelewa. Hoteli imejaa msimu huu na mashuka yanateremshwa kule kwetu kwenye chumba cha kufulia kana kwamba hakuna mgeni anayelala bila kumwaga chai kitandani. Nikitoka huko mikono imelowa mpaka kalamu inateleza.

Sweta tumeipata. Imemkaa vizuri sana, kama amezaliwa nayo. Haimbani popote. Somo ameipenda, anakusalimu na anasema asante. Kofia ya Bonge pia imemtosha. Picha nitakutumia, kamera tuliyokuwa tukiazima imeharibika.

Nikipata nafasi nitaandika barua ndefu.

Mwanao

* * *

9 Aprili 2006

Mwanangu,

Habari za siku nyingi? Huku tunaendelea. Barua ndefu naona bado iko njiani, labda inakuja kwa miguu.

Nasikia kwa baba yako kwamba mmehama, mmepata nyumba karibu na kazini. Hongera. Mimi nataka kuanza za mwaka huu kabla baridi haijaingia. Nipe vipimo vipya: kifua, urefu kutoka kwenye mfupa wa shingo mpaka kiunoni, na mkono kutoka kwapani mpaka kwenye kifundo. Vya Somo na vya Bonge. Usikisie. Chukua futi ya fundi, haikuli.

Na ile picha?

Shangazi yako

* * *

2 Juni 2006

Shangazi,

Shikamoo. Sote hatujambo, tumechoka tu na kuhama. Nusu ya vyombo bado imo kwenye maboksi na kila asubuhi namtafutia mtu kiatu cha pili.

Kuhusu vipimo, tumia vilevile vya mwaka jana. Ile ya kwanza bado inamkaa vizuri, kwa hiyo huwezi kukosea. Bonge mkadirie tu kidogo chini ya dada yake, ni mnene. Usijisumbue sana, Shangazi. Macho yako yanatuhusu kuliko sweta.

Watoto wanakusalimu.

Mwanao

* * *

14 Novemba 2006

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mafua niliyosikia kwa Baba. Kifurushi kilifika tangu Septemba, ni mimi niliyekawia kukushukuru. Sweta zote mbili zimewakaa vizuri. Hata mimi niliyekulia chini ya meza yako ya kazi nikikata nyuzi nimeshangaa, maana mkono wako haujabadilika hata kidogo. Ile shingo hakuna mwingine awezaye kuifuma.

Mwanao

* * *

20 Machi 2007

Mwanangu,

Hujambo? Wajukuu hawajambo? Mimi nipo. Barua yako ya Novemba niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena.

Nataka vipimo vya mwaka huu. Sasa Somo ana miaka saba na Bonge anaelekea minne. Najua una kazi, lakini kumpima mtoto ni kazi ya dakika mbili, ukipata anayetulia.

Shangazi yako

* * *

6 Mei 2007

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Tumia vilevile tu, Shangazi, bado zinawakaa vizuri. Naandika mbio, msimamizi ananiita.

Mwanao

* * *

1 Juni 2007

Mwanangu,

Sina muda wa salamu ndefu leo, nisamehe. Naomba uketi chini kabla ya kuendelea kusoma.

Nimetafuta zile barua zako zote nikazipanga mezani. Mwaka wa kwanza kifua cha Somo inchi ishirini na tatu. Mwaka wa pili, vilevile. Mwaka huu, vilevile. Mtoto wa miaka mitano na mtoto wa miaka saba hawawezi kuvaa sweta moja. Nimefuma sweta za shule nzimanzima, darasa la kwanza mpaka la mwisho, sijapata kuona mtoto aliyebaki na kifua kimoja miaka miwili. Na Bonge je? Anamfuata dada yake kwa nyuma, na yeye kakwama hapohapo?

Mwanangu, watoto hawakui. Mbona hukuniambia? Unadhani Shangazi ni mtu wa kufichwa? Roho yangu imekuwa juu tangu wiki iliyopita. Nimekwenda kliniki nikamweleza muuguzi kila kitu. Kaniuliza kama wanakula, nikasema sijui. Kaniuliza kama wana minyoo, nikasema sijui. Kaniuliza hivi mimi ni nani wao, nikaona nitie kikomo hapo. Amenipa dawa ya maji ya kuongeza damu, chupa mbili, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nimezifunga kwa gazeti ndani ya kifurushi hiki.

Baba yako nimemwambia. Hana subira, unamjua, atakupigia kabla barua hii haijakufikia. Usimjibu vibaya. Wapeleke watoto kwa daktari kesho, siyo wiki ijayo.

Shangazi yako asiyelala kwa ajili yenu

* * *

17 Juni 2007

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa imelowa dawa kutoka juu mpaka chini, chupa moja ilipasukia njiani. Nimeisoma huku inaninata vidoleni.

Baba alipiga simu hotelini. Siyo kwangu, hotelini. Msimamizi alinitoa kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka, mbele ya wenzangu wote, akaniambia kuna simu ya nyumbani. Nilijua kuna msiba. Nikashika mkonga wa simu, nasikia Baba anafoka, "Kwa nini umetuficha kwamba watoto wamedumaa?" Na sauti yake unaijua, wote mle chumbani waliisikia. Sasa kazini wananiuliza kila siku wale watoto wangu wanaendeleaje. Mmoja kaniletea maziwa.

Shangazi, nimechoka. Watoto wanakua. Somo ni wa tatu kwa urefu darasani kwake na Bonge jina lake linamtosha. Wanakula mpaka wanatutia hofu. Hakuna mgonjwa hapa.

Sweta ndizo ambazo hazivaliwi. Hayo, nimesema. Ile ya kwanza Somo aliivaa mara mbili. Ina rangi ya damu ya mzee na shingo ya V kama ya shule, na watoto wa mtaani wakamuuliza kama anakwenda shuleni Jumamosi. Akasema pia inamwasha shingoni. Tulipohama sikuwa na pa kuiweka, nikampa jirani yetu wa nyumba ya zamani, yule mama fundi viatu, ana binti mdogo. Zile zilizofuata ziko kwenye droo, mpya, kama ulivyozikunja. Sikumpima mtoto yeyote. Ningempima wa nini?

Nilitaka kukuambia. Kila mwaka kifurushi kikifika nilijiona kama mtu aliyekamatwa. Lakini ningeanzaje? Wewe ndiye uliyenilea Mama alipofariki, kila nguo niliyovaa mpaka nakua umeitengeneza wewe. Ningekuambiaje kwamba mwanangu hataki? Nikaona afadhali niseme imemkaa vizuri. Nilidhani ni neno dogo, litapita.

Tafadhali mwambie Baba asipige tena kazini. Na wewe usifume tena, upumzike.

Mwanao

* * *

3 Septemba 2007

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nauliza kwa sababu sijui. Hujaandika tangu barua yangu ya Juni, na Baba nikimuuliza anasema "muulize mwenyewe" na kukata.

Niliandika nikiwa na hasira za kazini. Yale niliyosema ni kweli lakini namna nilivyoyasema sikuipenda. Nakuomba radhi. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

* * *

11 Desemba 2007

Shangazi,

Shikamoo. Mwaka unakwisha na wewe umeninyamazia. Afadhali ungenitukana, matusi yako nimeyazoea na ninajua pa kuyaweka. Hiki kimya kinanitesa. Nikisikia mtu wa posta getini natoka mbio na mapovu ya sabuni mikononi.

Juzi nimewavalisha watoto sweta zile za droo, kwa nguvu, nipate picha nikutumie. Ya Somo imekwama mabegani, Bonge kalia. Picha sikupiga.

Nijibu, tafadhali.

Mwanao

* * *

19 Januari 2008

Mwanangu,

Barua zako zote tatu ninazo. Mimi mzima kiasi. Hii naiandika siku ya tatu leo, mistari michache kwa siku, ndiyo maana mwandiko unayumba. Usije ukafikiri nalia. Nililia mwezi wa sita, nikamaliza.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira ya kuweza kusema neno ambalo lisingerudi. Nimeaibishwa mbele ya yule muuguzi. Kila nikipita kliniki ananiuliza, "Bibi, wale watoto wako wamekua?" Nimesema wamekua. Anasema dawa imefanya kazi, na sasa anawapa wengine. Nimewaombea watoto waliokuwa wazima kama waliokuwa wanakufa. Hebu fikiria, mwanangu, nilikuwa tayari kuamini kwamba mjukuu wangu ana ugonjwa kuliko kuamini kwamba wewe unanidanganya.

Sasa nikuambie langu. Nimekaa nalo muda mrefu na limenichosha.

Zile sweta za droo sikuzifuma mimi. Ni kazi ya Kidoti, kwa mashine. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vilianza kukauka mwishoni mwa mwaka ule wa kwanza. Asubuhi havikunji kabisa. Nilijaribu kuianza ya pili, nikafuma mistari kumi, nikafumua, nikafuma tena, mpaka sindano ikanidondoka mbele ya Kidoti. Akajifanya hakuona. Siku ya pili nikamwomba afume yeye. Sikukuambia kwa sababu nilitaka wajukuu waseme Bibi kafuma. Ni hivyo tu, sina sababu nyingine ya kukupa.

Nikatuma, nikakaa nikingoja uniandikie, "Shangazi, hii siyo kazi yako." Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Wewe umekulia chini ya meza yangu. Unajua kwamba sweta ya mashine shingo yake inaunganishwa kwa mshono nyuma, na kwamba mimi naokota kitanzi kimoja kimoja, hakuna mshono. Ungeikunjua mara moja tu ungejua. Badala yake ukaniandikia kwamba mkono wangu haujabadilika, kwamba ile shingo hakuna mwingine awezaye. Umenivisha kilemba cha ukoka, mwanangu, tena kwa kazi ya mtu mwingine. Niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Nikajiambia labda Kidoti amejifunza vizuri kupita nilivyodhani.

Kwa hiyo mimi nimekudanganya na wewe umenidanganya, na hapo tuko sawa. Lakini kuna moja haliko sawa na ndilo linaloniuma. Katika sweta zote nilizowatumia, yangu ilikuwa moja. Ile ya kwanza. Kila kitanzi changu, miezi minne. Hizo ulizozihifadhi vizuri ni za mashine, na yangu ndiyo uliyoigawa kwa sababu ya nafasi kwenye droo.

Daktari amesema vidole hivi vitazidi kukauka. Huenda nikaweza kufuma moja nyingine, polepole, nikianza sasa. Baada ya hapo kwisha.

Sikuandikii haya ili ulie. Nimeandika ili nisiwe nayo peke yangu.

Shangazi yako

* * *

10 Februari 2008

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliipata Jumanne, nikaifungua kazini, na sikuweza kuimaliza. Mwenzangu ndiye aliyenishikia pasi.

Kwanza nilikwenda kwenye droo. Nikazikunjua. Mshono uko nyuma ya shingo, mnene, hata kipofu angeushika. Nilikaa chini sakafuni nikajiona mjinga kuliko wajinga wote.

Jumapili ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nikamchukua Somo, tukarudi mtaa wetu wa zamani kuitafuta ile ya kwanza. Nilikuwa nimenunua sweta nyingine dukani, nzuri, ya njano, ina maua, ili nibadilishane. Njiani nilimweleza Somo tunakwenda kufanya nini. Akasimama katikati ya barabara akaniambia, "Mimi nilisema inaniwasha. Sikusema uigawe." Nikamvuta mkono tukaenda.

Yule mama bado yuko palepale, kwenye kile chumba chenye kaunta ya mbao na viatu vya watu vilivyoning'inizwa kwa kamba zake. Nilimkuta amebana soli kwa magoti. Binti yake alikuwa chini ya kaunta anapanga misumari. Shangazi, alikuwa ameivaa. Ana miaka sita sasa. Imepauka, haina tena rangi yoyote ninayoweza kukutajia, na viwiko vimetiwa viraka vya ngozi ya viatu, vimeshonwa kwa uzi wa viatu. Mama yake akasema haivui. Siku ya kuifua anakaa kando ya kamba akiwa na fulana tu, anaingoja ikauke. Wamemnunulia nyingine mbili, hazigusi. Eti hii ndiyo inayomshika.

Nilieleza shida yangu, kwamba ni ya shangazi yangu, kwamba vidole vyake ni vigonjwa. Yule mama ni mtu mwema mno, aliinuka palepale kumvua. Mtoto akapiga ukelele wateja wakaingia kuangalia. Akakimbilia nyuma ya rundo la viatu, amejikumbatia hivi, mikono kwapani, analia na kusema "ni yangu, ni yangu." Nikamwonyesha ile ya njano. Akaipiga teke. Nikamwambia mama yake basi, amwache. Nilishindwa, Shangazi. Nilikuja na hoja zangu zote, nikaondoka na sweta yangu ya dukani kwapani kama mwizi aliyerudishiwa alichoiba.

Tukafika nyumbani. Somo akapanda juu ya kigoda mwenyewe akasema, "Nipime."

Nimempima. Kifua inchi ishirini na sita na nusu. Urefu kutoka shingoni mpaka kiunoni, kumi na saba. Mkono, kumi na tatu. Nimepima mara mbili na baba yake ameshuhudia.

Najua sina uso wa kukuomba kitu. Lakini umesema vidole vinaweza kufuma moja. Nakuomba iwe ya Somo. Ni mtoto wa jina lako na sasa anaitaka, anauliza kila siku. Nitaikunjua, nitaihifadhi, hata akikua haitatoka nyumbani humu. Nakuomba, Shangazi.

Mwanao anayekuomba radhi

* * *

2 Machi 2008

Mwanangu,

Salamu kwa wote. Mimi sijambo, na leo vidole vimeamka vizuri, nimeona niandike kabla havijabadili nia.

Nimemsomea baba yako barua yako. Kazima redio yake akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sijaliona tangu enzi za mama yako. Akaniuliza, "Sasa utamfumia nani?" Nikamwambia asinihimize.

Nimewaza wiki mbili. Somo nampenda bila hata kumjua, na kule kupanda kigoda kumenifurahisha, kumbe ana kichwa kigumu kama changu. Zile namba zako nimeziandika ukutani. Lakini mwanangu, unaniomba nifume kitu ukakihifadhi. Sitaki kitu changu kihifadhiwe. Nimeshahifadhiwa kwenye droo vya kutosha.

Nimefuma sweta za shule miaka thelathini na moja. Zote zilivaliwa kwa sababu mwalimu alisimama mlangoni. Likizo ikianza zinavuliwa, zinatupwa kitandani, na nilikuwa naona watoto wakipita dukani kwangu wamezifunga kiunoni kwa mikono. Sikuwalaumu. Ila sijawahi hata siku moja kusikia mtoto amelilia sweta yangu. Nimeisikia mara ya kwanza katika barua yako, nina miaka sitini na sita, na ni mtoto wa fundi viatu nisiyemjua. Nilikasirika kwanza. Nilikasirika kweli, nikasema kwa nini yeye. Halafu nikainuka nikaenda kununua uzi.

Miaka sita, haitamchukua hata mwaka itakuwa imembana. Kwa hiyo rudi kwa yule mama. Mpime binti yake akiwa amesimama wima, asivute pumzi, na uniletee namba utakazoziona. Rangi achague mwenyewe. Umwambie hakuna anayekuja kumvua ile ya zamani.

Somo akiuliza yake iko wapi, usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwambie Bibi alibakiwa na vidole vya sweta moja, na sweta imekwenda kwa anayeivaa. Akikasirika, mwache akasirike, haki yake. Kisha likizo mpandishe gari umlete huku, aje anikasirikie mwenyewe. Nitamjua hivyohivyo.

Nimeshaanza pindo. Mistari minne leo.

Shangazi yako